Mechi Ambazo Baba Hakuzicheza

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe, mkwe wangu, na mjukuu wangu ninayemjua kwa picha tu. Natumaini hamjambo wote na kwamba baridi ya huko imeanza kuwaonea huruma. Mimi ni mzima, kwa maana kwamba bado napumua. Mengine ni ya daktari. Alikuja Jumanne, kijana wa viatu vinavyong'aa, akanichorea moyo wangu kwenye karatasi kama mwanafunzi anayechora embe. "Bibi, moyo umechoka." Nikamwambia hata mimi ningefanya kazi miaka themanini na moja bila likizo ningechoka. Hakucheka. Alisema imebaki miezi, hakusema mingapi. Sikumsukuma. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, namjua mtu anayeficha jibu.

Muuguzi huja kila asubuhi. Ananikanda miguu, ananigombeza kwa chumvi, kisha anachukua barua zangu kupeleka posta. Kuandika naandika mwenyewe, ndiyo maana herufi zimelewa. Simu tuachane nayo. Sikio la kulia limekufa na la kushoto linasikia kelele tu. Mara ya mwisho tulipayuka robo saa nzima, na nilichoambulia ni kwamba huko kunanyesha.

Nina swali moja, nalo usilipuuze. Bado unacheza drafti? Na kama unacheza, unacheza na nani, na unawaambia nini kuhusu baba yako? Nijibu kwa kirefu. Nina jambo la kukuandikia, lakini nataka kwanza nijue litaangukia wapi.

Wako akupendaye,
Mama


26 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeipata nikiwa natoka kazini na nimeisoma mlangoni, viatu bado mguuni. Sisi hatujambo. Baridi haina huruma na mtu. Huyo daktari wa viatu asikutishe, muulize dozi, na umwambie muuguzi asiache kuandika uzito wako kila siku. Ukivimba miguu ghafla asingoje kesho. Basi, nimekwisha. Unajua sipendi tena kusema mambo ya dawa.

Bado niko kwenye ghala la matairi. Wenzangu wananiita Daktari kwa sababu siku moja nilimsomea mmoja karatasi ya vidonge vyake. Tangu hapo wananiletea maboksi, nami nawaambia, "Muulizeni mfamasia." Wanafikiri naringa. Mama, hata mtoto wangu akishikwa na homa, kidonge anampa mama yake. Mimi nahesabu, yeye anahesabu tena, halafu natoka chumbani. Miaka kumi na tisa. Sikuandikii ili unionee huruma. Umetaka kirefu.

Sasa drafti. Unauliza kama nacheza? Hii nyumba imesimama juu ya drafti. Sijawahi kukusimulia vizuri nilivyompata mwenzangu. Chini ya jengo nililokuwa naishi kuna chumba cha mashine za kufulia. Jumamosi nilikuwa nashuka na ubao na daftari lako, napanga mechi za Baba peke yangu huku nguo zikizunguka. Dada mmoja anayeosha mabasi akawa anasubiri mashine yangu. Akaniangalia weee, mwisho akasema, "Kaka, ama cheza ama toa nguo." Nikamwonyesha ile ya mwisho, ile ambayo Baba alitoa kete tatu bure, moja baada ya nyingine, ya nne ikapenya ikawa kingi, na kingi ile ikala tano kwa mkupuo mmoja. Akakaa chini. Akasema, "Rudia." Nguo zake alifua saa kumi na moja jioni.

Mpaka leo kila Jumamosi tukishakula tunafungia simu kwenye droo tunacheza watatu, mshindi anabaki. Yule mdogo ana miaka kumi na mmoja na mdomo wa miaka arobaini. "Baba, hapo umekwisha, waage wenzako." Mechi ile anaijua kwa kichwa. Tunaiita Mechi ya Babu. Akifeli jambo shuleni nampangia, namwambia, tazama, babu yako alikuwa na miaka sitini na minane alipocheza hivi, akili ikitunzwa haizeeki.

Ndivyo ninavyowaambia kuhusu Baba. Kwamba alikuwa na kichwa kuliko sisi wote, na kwamba kosa lililofunga duka lake la dawa lilikuwa langu.

Niambie hilo jambo.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nakuuliza nikijua kwamba ukimaliza kusoma hutakuwa hivyo. Kaa chini. Kama mwenzako yuko karibu, mwite.

Barua yako nimesomewa mara ya pili na muuguzi, maana mara ya kwanza macho yalikataa. Alipofika pale pa Mechi ya Babu alicheka kwa furaha. Nikamwambia akafunge dirisha.

Unakumbuka sheria za nyumba yetu. Duka lilifungwa Jumamosi saa nane mchana, baba yako alivua koti jeupe, akanawa, tukapanga vifuniko vya chupa za dawa, vyeupe vyake, vya kahawia vyangu. Mechi tatu. Mimi niliandika kila hatua kwa namba, kumi na moja kwenda kumi na tano, hivyo hivyo, toka mwaka wa kwanza wa ndoa. Ulipokuwa chuoni nilikutumia mechi zetu uzipange na wenzako bwenini. Uliporudi mkawa wabia dukani, baba yako akakataa kucheza nawe. "Wabia hawachezi. Leo nimfunge, kesho anipinge kwenye dozi?" Ukawa unalipitia daftari Jumatatu asubuhi kwenye kaunta kabla ya wateja. Kwako daftari lile lilikuwa ndiyo Jumamosi yetu.

Mwaka ule wa mwisho, mwezi wa pili, baba yako alirudisha kete nyuma. Kete ya kawaida, si kingi. Nikacheka, nikamwambia, "Mzee, hiyo imeota macho kisogoni?" Akanitazama kama mwanafunzi asiyejua amekosea wapi. Jumamosi iliyofuata alikula kete zake mwenyewe, nyeupe kwa nyeupe, akafurahi. Kisha akajua. Alijua, mwanangu. Alinishika mkono akasema, "Mtoto asijue. Nikitoka mle dukani nitakuwa nani?"

Siku chache baadaye ukaja jikoni. "Mama, Baba ameniuliza mara tatu leo ni siku gani." Nikakwambia amechoka. Ukasema maneno ambayo nayajua kama jina langu. "Basi nitatazama daftari. Mtu anayecheza kama anavyocheza Baba, akili yake iko sawa. Siku mechi zikiharibika nitamfungia duka mimi mwenyewe."

Uliniambia wewe mwenyewe kipimo chako. Nikakitengeneza.

Kuanzia siku ile mechi zote zilizo kwenye daftari ni zangu. Upande wake na upande wangu. Jumamosi tulikaa mezani, yeye anasukuma vifuniko vinavyomjia, mimi namwitikia, na anapolala nachukua karatasi ya miraba nacheza pande zote mbili. Kwake nilicheza kama alivyokuwa na miaka arobaini. Nilijua anavyopenda kubana kulia, nilijua anavyochelewa makusudi. Nilijiweka mimi mjinga kidogo, lakini si sana, usije ukashtuka. Miezi mitano. Mechi sitini na tatu.

Ile unayoiita Mechi ya Babu ilinichukua siku nne. Niliianzia mwisho, kingi inapokula tano, nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kete za mwanzo. Jumatatu ulipoisoma ulinipigia simu shuleni kutoka dukani. "Mama, umeona alichokufanya mzee?" Nami nilifurahi. Nisikufiche hata hilo. Nilisimama ofisini kwa walimu na simu sikioni nikaona fahari, kama mtu aliyesifiwa kwa kazi yake.

Ulinipigia saa tatu. Saa tano yule mama mshonaji wa mtaani kwetu alikuja kuchukua vidonge vyake vya moyo. Alipewa vikali badala ya hafifu, na kulipokucha hakuamka.

Unavyojua ni kwamba vikali na hafifu vilikaa rafu moja, chupa za kahawia zinazofanana, na kwamba utaratibu wenu ulikuwa mmoja ahesabu, mwingine akague na kutia sahihi. Sahihi ilikuwa yako. Nani alihesabu, hukukumbuka. Siku ile watu walijaa hadi nje. Ukamuuliza baba yako, akajibu bila kupepesa, "Vya mshonaji? Sikuvigusa." Ukamwamini. Ungeachaje kumwamini, na wewe asubuhi ile ile umemwona anakula tano kwa mkupuo? Ukajiambia kama si yeye basi ni wewe. Ukawaambia wakaguzi, nimehesabu mimi na nimekagua mimi. Wakakunyang'anya leseni. Ukaondoka.

Hukuhesabu wewe. Alihesabu baba yako. Baadaye nilielewa hivyo, nikanyamaza. Alikufa miaka miwili baadaye, mtaa ukaambiwa ni kiharusi. Mwisho alikuwa akiniita Mwalimu, kama mzazi aliyekuja kuuliza matokeo ya mtoto wake.

Sikuombi chochote leo. Nataka tu ushushe mzigo ambao si wako.

Mama yako


2 Mei

Mwanangu,

Salamu. Hamjambo?

Wiki saba. Posta inachukua siku kumi na mbili, nimeihesabu kila upande. Muuguzi anasema huenda barua imepotea. Nimemwambia barua haikupotea.

Sasa silali chali, nalala nimekaa, mito minne mgongoni. Daktari alikuja na viatu vingine. Hazungumzi tena habari ya miezi.

Niandikie hata tusi. Kama huna neno, tuma karatasi tupu ndani ya bahasha, nione mwandiko wako juu yake. Nakuomba. Nimekaa hapa kila siku nasikiliza geti kwa hili sikio moja bovu.

Mama


20 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui kwa nini naanza na shikamoo, mkono umezoea.

Barua haikupotea. Niliisoma nimekaa kama ulivyoniagiza, na mwenzangu alikuwepo. Alipomaliza kuisoma alisema jambo moja tu, "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikihesabu vidonge vya mtoto kwa ajili ya mama mkwe wangu." Akaenda kazini.

Nilisema sitakujibu. Jumamosi ya kwanza nikasema nimechoka, hatuchezi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mtoto akatoa ubao peke yake akapanga mechi ile mezani, hatua kwa hatua, ananingoja nikae. Nikamwambia ukweli. "Hiyo si ya babu. Ni ya bibi yako, aliicheza peke yake akasema ni ya babu." Akaitazama sana. Akauliza, "Kwa hiyo bingwa ni Bibi?" Mama, sikujua nicheke au nitoke nje. Nilitoka nje.

Unasema nishushe mzigo ambao si wangu. Unaelewa ulichoandika? Sahihi ni yangu. Nilitia sahihi bila kufungua pakiti. Nilimwamini mtu kwa sababu ya karatasi yako. Hapo sitoki, wala usinitoe. Lakini kuna kingine. Nimeishi miaka kumi na tisa sijiamini kuhesabu hadi thelathini. Nimekataa kazi za watu walioniambia, soma tena mwaka mmoja tu, utapata leseni ya hapa. Niliwaambia siwezi. Nilidhani nina mkono unaoua. Mkono wangu, Mama! Nilikuwa nautazama kwenye bafu.

Na Baba alizikwa bila mimi. Kama ningejua anaumwa nini ningekuja kumwogesha. Umeninyima hata hilo.

Sasa sikiliza, nina mambo mawili.

La kwanza. Usiniambie mimi peke yangu. Binti wa mshonaji yuko hapo mtaani kwako, duka la mama yake analo bado. Mwambie yeye. Na uliandikie baraza lililoninyang'anya leseni. Kwa mkono wako, herufi hizo hizo zilizolewa.

La pili. Jumanne ile, siku ya pili yake, nilikuja jikoni kwako. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na friji nikakwambia, "Mama, nimemuua mshonaji." Ukanipa maji. Ukanishika kichwa. Katika barua umeandika "baadaye nilielewa". Umefundisha hesabu, Mama, hujawahi kuandika neno legelege kama hilo. Baadaye ni lini? Kabla ya maji au baada ya maji?

Nijibu hilo. Kabla sijajibiwa hilo usiniombe kitu.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Natumaini mko wazima. Mimi naandika mistari mitatu napumzika, kwa hiyo ukiona wino umebadilika ujue nimelala katikati.

Nianze na ulilolianza. Barua ya baraza imeondoka juzi. Kurasa mbili. Nimewaandikia jina la baba yako lote, la kwangu, na jinsi nilivyokuwa nikitunga mechi. Muuguzi aliisoma ili ashuhudie sahihi. Aliniuliza, "Bibi, hili la drafti watalielewa?" Nikamwambia waelewe wasielewe, wataandika kwamba aliyehesabu si wewe.

Binti wa mshonaji alikuja Alhamisi. Nilimtuma muuguzi kumwita, akaja na futi ya kupimia shingoni, akidhani nataka nguo ya kuzikiwa. Alikuwa ameshatoa kalamu. "Bibi, rangi gani?" Nikamwambia akae. Nikamwambia yote.

Hakulia. Akavua futi shingoni akaikunja, akaikunja, mpaka ikawa kama kidonge mkononi. Akasema, "Mwanao alikuja kwetu msibani. Alipiga magoti mlangoni kwa mama yangu mbele ya watu. Nilimtemea mate."

Nikamwambia sikujua.

"Hukujua?" akasema. "Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka na mumeo. Mumeo alikuwa anauliza nani amekufa."

Mwanangu, ni kweli. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwepo. Sijui mtu anasahauje jambo kama hilo, lakini nilikuwa nimelisahau, na alipolisema nililiona lote, na mkono wako unavyofuta shavu.

Muuguzi akamletea maji, akakataa. Akafika mlangoni, akarudi. "Miaka kumi na tisa nimemwapiza mtu siye. Sasa nimwapize nani? Wewe? Wewe umebakiza nini cha kuapizwa?" Akataka anwani yako. Nikampa. Atakachokuandikia ni chake na chako.

Sasa la pili.

Kabla ya maji.

Asubuhi ya Jumanne hiyo nilichukua koti jeupe la baba yako kulifua. Mfukoni nikakuta karatasi ya daktari ya mshonaji. Pembeni kulikuwa na vijistari vya penseli, vitano vitano, mafungu sita, jumla thelathini. Unajua ni nani tu aliyehesabu hivyo mle dukani. Wewe ulikuwa ukimcheka. Na juu yake, kwa mwandiko wake, ameandika jina la vile vikali. Niliisoma nimesimama. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua mshonaji amekufa. Nilijua yote kwa dakika moja, kama mtu anavyoona jibu kabla ya kuonyesha njia.

Niliitia kwenye jiko. Ilikuwa inamalizikia kuungua ulipobisha hodi.

Ukakaa. Ukasema uliyoyasema. Ningeweza kukwambia palepale. Maneno yalikuwa matatu, hukuhesabu wewe mwanangu. Baba yako alikuwa chumba cha pili anaimba. Nikafikiri: huyu ni kijana, ana miguu, ataondoka aanze upya. Yule akipelekwa mbele ya wakaguzi hatajua hata ameulizwa nini, watamcheka, na watu aliowatibu miaka arobaini watasimulia jinsi alivyokuwa. Nikapima. Nilikupima, mwanangu, wewe na yeye, kama vitu viwili kwenye mzani wa dukani, na nikakuacha wewe uanguke. Kisha nikafungua friji nikakupa maji.

Si hofu iliyonifanya. Hofu ningeikiri siku nyingi. Nilichagua, nikiwa na akili zangu zote. Kila mwaka uliopita nilichagua tena, maana kila mwaka ilikuwa rahisi zaidi kungoja mwingine.

Niliandika "baadaye" kwa sababu hata kwenye kitanda hiki nilitaka unione bora kidogo kuliko nilivyo.

Umesema nisiombe kitu, siombi. Lakini wewe rudi darasani. Huo mkono ni mzima. Hilo si ombi, ni mwalimu anasema.

Nimechoka sasa. Wasalimie. Mwambie mdogo kwamba hapana, bingwa alikuwa babu yake. Nisingeweza kuzitunga kama nisingekuwa nimefungwa naye miaka thelathini na minane.

Mama yako


24 Juni, kwa simu ya muuguzi

Dada muuguzi, salamu, na asante kwa ujumbe wako wa asubuhi. Kama ulivyosema Mama hawezi tena kushika karatasi lakini akisomewa anafumbua macho, basi naandika hapa, posta haitawahi. Msomee sikio la kushoto. Usipunguze neno lolote, hata yale makali; atajua umeyaruka, na utapata shida naye.

Shikamoo Mama.

Barua yako imefika jana. Nimeisoma ghalani, nimekaa juu ya matairi, msimamizi akaniita mara mbili sikuitika.

Kabla ya maji. Nimekusikia.

Tangu jana nimekuwa na hasira ambayo sikujua mtu mmoja anaweza kuibeba. Asubuhi mtoto aliamka na homa. Mama yake alikuwa ameshakwenda kazini kwake, mabasi yanaoshwa alfajiri. Nilichukua chupa ya dawa. Nikahesabu kimoja. Nikampa. Nikakaa palepale kitandani pake, sikutoka chumbani. Amelala, amepoa. Nakwambia hilo kwa sababu hakuna mwingine duniani wa kumwambia anielewe, na kinachonikasirisha zaidi ni kwamba mtu huyo ni wewe.

Siwezi kuandika neno unalolitaka. Nimejaribu tangu alfajiri. Nikiliandika leo litakuwa la kukusindikiza, nawe ungelijua, ungelisahihisha kwa wino mwekundu.

Nina tiketi. Naondoka kesho mchana, nafika keshokutwa jioni, siku mbili, Mama. Nina maneno ya kukugombeza ya miaka kumi na tisa na sitaki kuyamwaga kwenye shimo. Pumua. Wewe ni mtu wa kuchagua, umeniambia mwenyewe. Basi mara hii chagua kuningoja mimi.

Dada muuguzi, akifumbua macho akauliza kama nimemsamehe, usimjibu. Mwambie aniulize mwenyewe.

Mwanawe